Uchaguzi wa Marekani wa 1812 darasani: jinsi ya kuuendesha kwa vipindi viwili

Uchaguzi wa rais wa Marekani wa 1812 ulikuwa wa kwanza nchini humo kufanyika taifa likiwa vitani kwa tangazo rasmi la Kongresi. Vita dhidi ya Uingereza vilitangazwa tarehe 18 Juni 1812, na kura zilianza mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo. James Madison, aliyekuwa madarakani, alishinda kwa kura 128 za wajumbe (watu walioteuliwa na kila jimbo kumchagua rais) dhidi ya 89 za DeWitt Clinton. Mwanafunzi akipewa tarakimu hizo peke yake atazikariri hadi siku ya mtihani, kisha zitapotea. Akikaa kwenye kiti cha mkulima wa ngano wa Pennsylvania na kulazimika kuamua, ataelewa jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka: mshindi hakuamuliwa na vita pekee, aliamuliwa pia na kanuni za kila jimbo.

Mwongozo huu ni wa walimu wa historia na viongozi wa klabu za midahalo katika sekondari za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Umepangwa kwa darasa la wanafunzi 60 na vipindi viwili pacha vya dakika 80. Hauhitaji umeme wala projekta.

Kwanza, jambo la kuondoa vichwani

Wanafunzi wetu wanaujua uchaguzi wa Tanzania: Tume moja, siku moja, daftari moja la wapiga kura, na mgombea urais mwenye kura nyingi kuliko wenzake anatangazwa. Watauingiza mfano huo kwenye 1812 bila kujua, na igizo litaharibika kabla ya kuanza. Marekani ya 1812 haikuwa na tume ya taifa. Kulikuwa na majimbo 18, na kila jimbo lilijichagulia njia ya kuwapata wajumbe wake wa uchaguzi. Katika majimbo 9 (Connecticut, Delaware, Georgia, Louisiana, New Jersey, New York, North Carolina, South Carolina na Vermont) wananchi hawakumpigia rais kura kabisa, kwa kuwa bunge la jimbo ndilo lililowateua wajumbe. Katika majimbo 5 (New Hampshire, Ohio, Pennsylvania, Rhode Island na Virginia) wananchi walipigia kura orodha nzima, na orodha iliyoshinda ilichukua wajumbe wote. Manne yaliyobaki (Kentucky, Maryland, Massachusetts na Tennessee) yaligawanywa katika wilaya za uchaguzi.

Msijaribu kulieleza hili kwa mdomo tu. Anzeni na zoezi la dakika 15. Pangeni wanafunzi 25 katika makundi matano ya watu watano, na myape majina ya Kyela, Rungwe, Mbozi, Mufindi na Makete. Swali ni chakula cha mchana: ugali au wali? Kila kundi lina wajumbe 3, na upande wenye kura nyingi ndani ya kundi unawachukua wote. Gawaneni kadi kabla: Kyela na Rungwe wote watano wanataka wali, na katika makundi mengine matatu watu 3 wanataka ugali na 2 wanataka wali. Hesabuni watu kwanza: wali 16, ugali 9. Kisha hesabuni wajumbe: ugali 9, wali 6. Ugali umeshinda. Darasa litapiga kelele kwamba ni uonevu, na kelele hizo ni nzuri. Ziacheni kidogo, halafu waulizeni ni kanuni gani hasa iliyowapa ushindi walio wachache. Asiyeweza kujibu hapo asiendelee, kwa sababu igizo zima linasimama juu ya jibu hilo.

Tahadhari moja: msitumie rangi, salamu wala kaulimbiu za vyama vya hapa nchini katika hatua yoyote. Mtu mmoja akianza, somo la 1812 limekwisha na mnajadili mambo mengine.

Vifaa

Tafuteni bahasha za kaki 18, karatasi za A4 kama 40 (kila moja ikatwe vipande vinne kwa ajili ya kadi na kura), chaki, na robo kilo ya mahindi pamoja na robo kilo ya maharage. Punje moja ya hindi ni mjumbe mmoja wa Madison, na harage moja ni mjumbe mmoja wa Clinton. Robo kilo inatosha na kubaki, kwa kuwa hakuna upande unaoweza kuhitaji zaidi ya mbegu 162. Mahindi na maharage ni bora kuliko vipande vya karatasi: hayapeperuki dirisha likifunguliwa, na mwanafunzi wa nyuma anaona rundo likikua.

Chumba kichagueni mapema. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ya mchana juu ya bati huzima kila sauti, na hatua ya hotuba haiwezekani tena. Wekeni vipindi hivi asubuhi, au viahirisheni hadi kiangazi. Ikiwa uwanja ni mkavu, chorea ramani ya majimbo ardhini na kila kundi lisimame mahali pake: Massachusetts juu, Georgia chini, Louisiana kule mbali kusini-magharibi.

Majimbo matano yaliyo hai na bahasha 13

Kosa kubwa la walimu wanaojaribu igizo hili ni kutaka kuyaendesha majimbo yote 18. Wanafunzi watatu kwa kila jimbo hawawezi kujadiliana, na muda unaisha mkiwa Delaware. Yaacheni majimbo matano tu yawe hai. Mengine 13 yafungwe kwenye bahasha yakiwa na matokeo yake halisi ya 1812.

Majimbo hai ni New York (wajumbe 29), Pennsylvania (25), Virginia (25), North Carolina (15) na Maryland (11), jumla 105.

Katika bahasha za Madison wekeni mahindi: Georgia 8, Kentucky 12, Louisiana 3, Ohio 7, South Carolina 11, Tennessee 8, Vermont 8. Jumla 57. Ohio ilikuwa na haki ya wajumbe 8, lakini mmoja hakupiga kura. Andikeni hivyo ndani ya bahasha, la sivyo mhesabuji atadhani mbegu imepotea na mtapoteza dakika tano kuitafuta chini ya madawati.

Katika bahasha za Clinton wekeni maharage: Connecticut 9, Delaware 4, Massachusetts 22, New Hampshire 8, New Jersey 8, Rhode Island 4. Jumla 55.

Wajumbe wote ni 218, na Katiba ya Marekani inataka zaidi ya nusu ya wote walioteuliwa, yaani 110. Sasa tazameni uzuri wa mgawanyo huu. Madison anaanza na 57, hivyo anahitaji 53 kutoka kwenye majimbo hai. Clinton anaanza na 55, naye anahitaji 55. Mchezo uko karibu sawa kwa sawa, na hakuna namba iliyopindishwa kuufanya hivyo.

Bahasha mbili ziwe na kijikaratasi cha ziada. Ya New Jersey iseme kwamba siku chache kabla ya kura, bunge la jimbo lililokuwa mikononi mwa Federalist, chama pinzani cha chama cha Madison, liliwanyang'anya wananchi kura ya wajumbe na kuteua lenyewe. Ya Massachusetts iseme kwamba mabaraza mawili ya bunge la jimbo yalishikwa na vyama viwili tofauti, ndiyo maana wakaangukia kwenye wilaya. Seneti ya jimbo ilibaki kwa chama cha Madison kutokana na mipaka ya wilaya za kuchagulia seneti hiyo iliyokatwa kwa hila chini ya sheria aliyoitia saini Gavana Elbridge Gerry Februari 1812, na Gerry huyo ndiye mgombea mwenza wa Madison.

Mgawanyo wa watu

Kila jimbo hai lipate wanafunzi 10: msimamizi mmoja asiyepiga kura na wapiga kura 9. Namba isiwe shufwa, kwa sababu kura zikilingana wanafunzi watakuuliza kanuni ambayo jimbo lenyewe halikuwa nayo. Hao ni 50. Kumi waliobaki ni Madison, Clinton, wagombea wenza wao Gerry na Jared Ingersoll, wahariri watatu wa magazeti, tarishi mmoja, mhesabuji mmoja, na William H. Crawford, seneta wa Georgia. Crawford anahitajika kwa sababu kura hufunguliwa na kiongozi wa Seneti, kazi ambayo kwa kawaida ni ya makamu wa rais. Makamu wa rais George Clinton, baba mdogo wa DeWitt, alifariki tarehe 20 Aprili 1812 na kiti kikabaki wazi. Crawford alikuwa rais wa muda wa Seneti.

Darasa likiwa na wanafunzi 44, wapunguzeni wapiga kura hadi 5 kwa kila jimbo, isipokuwa Maryland ibaki na 9.

Kadi za wapiga kura

Hapa ndipo pa kutumia muda wenu mwingi wa maandalizi. Kadi isimwambie mwanafunzi ampigie nani. Imweleze yeye ni nani, anauza nini, anaogopa nini na ameudhiwa na nini. Atakapopiga kura lazima amtajie msimamizi sababu moja inayotoka kwenye kadi yake. Bila sharti hilo, watoto watampigia rafiki yao anayeigiza Clinton.

Pennsylvania: wakulima wa ngano 4, msaga unga 1, wafanyabiashara wa meli wa Philadelphia 2, fundi wa chuma 1, na mlowezi wa magharibi 1. Mkulima na msaga unga wajue kwamba unga wa Marekani unauzwa vizuri Hispania na Ureno, ambako majeshi ya Uingereza yanapigana na Napoleon, na biashara hiyo inaendelea hata vita vikiwa vimetangazwa. Wafanyabiashara wa meli wanaogopa manowari za Waingereza. Mlowezi anaamini Waingereza wa Kanada wanawapa silaha Wahindi Wekundu wanaopambana na walowezi. Anayepiga kura hapa ni mwanaume aliyelipa kodi.

Virginia: wakulima na wenye mashamba makubwa 6, watu wa magharibi ya jimbo wenye mwelekeo wa Federalist 2, na mfanyabiashara wa bandari ya Norfolk 1. Wote wawe na ardhi, kwa kuwa asiye na ardhi hapigi kura. Madison ni mtu wa kwao.

New York: hawa ni wabunge, si wananchi. Wanne ni wa chama cha Democratic-Republican upande wa Clinton, wawili wa chama hichohicho upande wa Madison, na watatu ni Federalist. Anayetaka wajumbe 29 lazima apate kura 5, kwa hiyo Federalist ndio wenye ufunguo. Katika hali halisi seneta kijana wa jimbo, Martin Van Buren, alifanya kazi ya kuhakikisha wajumbe wote wanakwenda kwa Clinton. Mpeni mmoja wa wale wanne jukumu lake.

North Carolina: wabunge 7 wa Democratic-Republican na 2 wa Federalist. Kadi zao zote zianze na habari kwamba mwaka 1811 bunge hili liliwaondolea wananchi kura ya wajumbe ili kumlinda Madison. Watoto wengine wataona wana wingi wa kutosha na hawana haja ya kujadili. Msimamizi awalazimishe: kila mmoja aeleze atawajibu nini wapiga kura wa kijijini kwake watakapouliza kura yao imekwenda wapi.

Maryland: wilaya 9, na wilaya mbili kati ya hizo zinachagua wajumbe wawili kila moja, ndiyo maana jumla ni 11. Kila mwanafunzi asimame kwa niaba ya wilaya moja. Kwa ajili ya mchezo, wilaya 4 zielemee Federalist, moja ikiwa ya wajumbe wawili. Wilaya 4 zielemee chama cha Madison, moja ikiwa ya wajumbe wawili. Wilaya 1 iwe haijaamua. Hapa hakuna kanuni ya mshindi kuchukua wote, na ndilo jimbo hai pekee ambalo pande zote mbili zinaweza kutoka na kitu. Katika 1812 Madison alipata 6 na Clinton 5.

Chama cha Madison cha Democratic-Republican kisichanganywe na Republican cha leo. Liandikeni hilo ubaoni, maana swali litaulizwa.

Wasiopiga kura

Wanawake, Wahindi Wekundu na watumwa hawakupiga kura, na sehemu nyingi hata wanaume weusi walio huru walizuiwa. Msimpe mwanafunzi yeyote nafasi ya kuigiza mtumwa. Inaumiza, inaleta utani mbaya, na haifundishi hesabu yenyewe. Badala yake wekeni viti 5 vitupu kwenye kundi la Virginia, na mbele yake kadi moja: "Watu watano. Wanahesabiwa watatu katika kugawa wajumbe. Kura zao: sifuri." Halafu andikeni ubaoni tarakimu za sensa ya 1810. Pennsylvania ilikuwa na watu takriban 810,000, karibu wote wakiwa huru. Virginia ilikuwa na watu huru takriban 582,000 na watumwa takriban 392,000. Chukueni watatu kwa kila watano wa hao watumwa mpate takriban 235,000, mjumlishe na watu huru, mtafika takriban 817,000. Ndiyo sababu majimbo haya mawili yalikuwa na wajumbe 25 kila moja, ingawa Pennsylvania ilikuwa na watu huru wengi zaidi kwa mbali. Wanafunzi waifanye hesabu hii wenyewe kwenye madaftari. Mwalimu akiifanya ubaoni peke yake, viti vile vitabaki samani tu.

Kipindi cha kwanza

Baada ya zoezi la ugali na wali, tumieni dakika 20 kueleza chanzo cha vita: mabaharia wa Marekani kukamatwa na kulazimishwa kutumika katika jeshi la majini la Uingereza, amri za London zilizobana biashara ya meli za nchi zisizo vitani, na mgogoro wa mpakani. Waambieni pia kwamba kura ya kutangaza vita haikuwa ya kauli moja. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa 79 dhidi ya 49, na Seneti kwa 19 dhidi ya 13. Federalist walipinga wote.

Gaweni kadi kwa dakika 10, kisha uteuzi kwa dakika 15. Madison aliteuliwa na kikao cha wabunge wa chama chake Mei 1812. Nafasi ya mgombea mwenza ilipewa kwanza John Langdon, akakataa, ndipo akaja Gerry. Siku 11 tu baada ya uteuzi wa Madison, tarehe 29 Mei, wabunge wa chama hichohicho katika New York walimteua Clinton, meya wa Jiji la New York. Federalist walikutana faraghani Septemba na wengi wakaona heri wamuunge mkono Clinton kuliko kusimamisha mtu wao atakayeshindwa. Rufus King, mmoja wa viongozi wa Federalist, alipinga vikali.

Dakika 20 za mwisho ni za barua na magazeti. Wanafunzi watataka mikutano ya hadhara, wagombea wapande juu ya dawati na kuomba kura. Wazuieni. Wakati ule ilionekana si heshima mgombea kujitembezea kuomba urais. Madison na Clinton wakae mahali pao na waandike barua, na wafuasi ndani ya majimbo ndio waongee. Mhariri mmoja awe wa Madison, mmoja wa Clinton, na mmoja wa Federalist.

Barua za Clinton zina sharti la pekee. Majimboni kwenye watu wa amani, wafuasi wake walimtangaza kama mtu atakayemaliza vita haraka. Kwa wapenda vita, walisema atavipigana kwa nguvu na ustadi kuliko Madison. Kwa hiyo mwanafunzi anayeigiza Clinton aandike barua mbili zinazopingana: ya amani kwenda Maryland, na ya vita kwenda Pennsylvania. Wahariri wanaruhusiwa kuinasa barua ya jimbo moja na kuichapisha katika jimbo lingine, lakini kwa kuchelewa duru moja. Wakishtuka kwamba mtu mmoja amesema mambo mawili, mwulizeni Clinton ajitetee kwa barua ya tatu. Madison naye ana hoja ya kujibu: kati ya miaka yote tangu urais uanze 1789, ni miaka minne tu ya John Adams ambayo rais hakutoka Virginia. Watu wa kaskazini walikuwa wamechoka nalo.

Kipindi cha pili: habari za vita

Andaeni kadi sita za habari na mzisome kwa mpangilio, dakika tatu kwa kila moja.

Ya kwanza: tarehe 23 Juni London imezifuta zile amri za biashara, siku tano tu baada ya vita kutangazwa, ila habari imechukua wiki nyingi kuvuka bahari. Ya pili: mwishoni mwa Julai umati wa Baltimore umewashambulia watu wa gazeti la Federalist lililopinga vita, na mkongwe wa vita vya uhuru James Lingan ameuawa. Ya tatu: tarehe 16 Agosti Jenerali William Hull ameikabidhi Detroit kwa Waingereza. Ya nne: tarehe 19 Agosti manowari Constitution imeishinda Guerriere ya Uingereza. Ya tano: tarehe 13 Oktoba jeshi la Marekani limeshindwa Queenston Heights, mpakani mwa Kanada.

Kadi ya Baltimore isomwe kwa sauti Maryland, na wengine waipate kupitia gazeti. Kwa wapiga kura wa Maryland hilo lilikuwa jambo la nyumbani.

Kadi ya sita ni ushindi wa manowari United States dhidi ya Macedonian tarehe 25 Oktoba. Hii msiisome kabla ya kura. Ushindi ulipatikana kabla ya jimbo lolote kupiga kura, lakini habari zilifika Marekani wajumbe wakiwa wamekwisha kupiga zao. Mwalimu anayezisoma habari kwa tarehe ya tukio badala ya tarehe ya kufika anampa Madison zawadi ambayo hakuwa nayo.

Kupiga kura na kuandika hati

Sheria ya 1792 iliyapa majimbo siku 34 kabla ya Jumatano ya kwanza ya Desemba kuteua wajumbe. Mwaka 1812 hilo lilimaanisha mwisho wa Oktoba hadi 2 Desemba. Majimbo yasipige kura kwa pamoja. Anzeni na Pennsylvania, kisha Virginia, Maryland, New York, na mwisho North Carolina. Msimamizi wa kila jimbo atangaze matokeo mara tu yanapopatikana, ili wanaofuata wajue hali ilivyo. Huo ndio mvutano wenyewe.

Pennsylvania na Virginia wanapigia kura orodha nzima, kwa hiyo karatasi iandikwe "Orodha ya Madison" au "Orodha ya Clinton". Maryland kila wilaya peke yake. New York na North Carolina wakae kama bunge na kuhesabu wabunge.

Sasa kila jimbo linajaza hati. Tangu marekebisho ya 12 ya Katiba ya 1804, kura ya rais na ya makamu hupigwa kwenye karatasi mbili tofauti. Wanafunzi huandika majina yote mawili kwenye karatasi moja, na msimamizi asipoliona hilo, hati ni batili. Utengano huo ulikuwa na matokeo ya kweli mwaka huo: Gerry alipata kura 131, tatu zaidi ya Madison, kwa sababu wajumbe wawili wa Massachusetts na mmoja wa New Hampshire walimpa Clinton urais lakini wakamchagua Gerry kuwa makamu. Ingersoll alibaki na 86.

Hati ziandikwe nakala tatu. Moja inapelekwa na tarishi, moja inatumwa kwa posta, na ya tatu inawekwa kwa jaji wa shirikisho wa eneo hilo, hapa kwa mwalimu. Mfanyeni tarishi aipoteze moja njiani kwa makusudi. Darasa litaona haraka kwa nini nakala ni tatu.

Kuhesabu

Tarehe ya kuhesabu ilikuwa 10 Februari 1813. Crawford afungue bahasha mbele ya wote, mhesabuji amimine mbegu mezani na kuzipanga kumikumi. Anzeni na zile 13 zilizofungwa, kwa kupokezana, moja ya Madison na moja ya Clinton, ili rundo moja lisikimbie mapema. Malizieni na majimbo hai.

Matokeo ya darasa lenu yalinganisheni na ya kweli. Jaribuni pia kuhamisha jimbo moja moja. Mkilihamisha North Carolina tu kutoka kwenye matokeo halisi, Madison anabaki na 113 na bado ni rais. Mkilihamisha Pennsylvania tu, Madison anashuka hadi 103 na Clinton anapanda hadi 114. Clinton angekuwa rais. Wale wakulima wa ngano, na unga wao uliokuwa ukisafiri kwenda Ureno, ndio waliombakisha Madison madarakani.

Kuna hali moja ambayo lazima mjiandae nayo. Madison akipata 51 au 52 kutoka majimbo hai, hakuna anayefika 110. Kwa mfano, New York na Pennsylvania zikienda kwa Clinton, na Virginia, North Carolina na wajumbe wote 11 wa Maryland wakaenda kwa Madison: Madison 108, Clinton 109. Hapo Baraza la Wawakilishi ndilo linalochagua, na kila jimbo, dogo au kubwa, lina kura moja. Anayehitajika ni mwenye majimbo 10 kati ya 18. Katika igizo, kila jimbo la bahasha limpe kura yule aliyekuwa na mbegu zake: Madison 7, Clinton 6. Kisha majimbo matano hai yapige, kura moja kila moja, kwa kunyoosha mkono. Kwa mfano huo Madison anafika 10 na kuwa rais, ingawa Clinton alimzidi kwa mjumbe mmoja. Waambieni wanafunzi kwamba Baraza halisi lililokuwa likiketi Februari 1813 lilikuwa lilelile la zamani, lenye wingi mkubwa wa chama cha Madison, hivyo Clinton angekuwa na mlima mrefu zaidi kuliko huu wa darasani. Makamu wa rais yeye angechaguliwa na Seneti, na kwa hiyo hati za makamu zisitupwe hadi hatua hiyo ipite.